Mradi wangu wa p53 kwenye laptopu: mawimbi yametokea!

Apdeti jamani. Kwa mgeni, natengeneza simulesheni ndogo kwa Python ya kinachoendelea ndani ya kiini cha seli DNA ikikatika, nafuata protini mbili tu, p53 na MDM2. p53 inatoka kwenye TP53, jeni ya kuzuia uvimbe ambayo inakutwa imeharibika kwenye karibu nusu ya kansa za binadamu, na MDM2 kazi yake ni kuidhibiti: inaishika, inaziba ile sehemu yake ya kuwashia jeni, afu inaibandika ubikwitini (protini ndogo ya kutia alama) ili ikasagwe. Ndo maana seli ikiwa salama p53 haidumu, nusu yake inaisha kwa kama dakika 20 hivi.

Sasa utamu uko hapa, jeni ya MDM2 inawashwa na p53 yenyewe! Yaani inamlipa mshahara anayeimaliza.

Toleo la kwanza nililiacha jepesi makusudi, p53 ikipanda MDM2 inapanda hapohapo. Grafu ikapanda, ikayumba kidogo, ikatulia, basi. Seli haziko hivyo. Mwaka 2004 watafiti walizipiga mionzi seli za MCF7 (seli za kansa ya matiti za maabara) wakazifuatilia moja moja, wakaona p53 inakuja kwa mawimbi yanayopishana kama saa 7 hivi, na mionzi ikizidi wimbi halikui, yanaongezeka idadi tu. Hiyo kwangu ndo habari kubwa kuliko zote humu, seli inahesabu!

Kwa hiyo safari hii nimeweka kuchelewa, maana jeni lazima inakiliwe kwanza, RNA itoke nje ya kiini, protini itengenezwe huko ndo irudi ndani, na hapo p53 imeshapanda zamani. Nimeweka karibu saa 2 na mawimbi hayo yakaja yenyewe, sijagusa kitu kingine. Nikipunguza muda yanafifia yanakufa.

Kinachonikera bado ni ATM, kimeng'enya cha kubandika fosfati kwenye protini nyingine. Ndo inayogundua DNA imekatika, inaipa p53 fosfati pale serini ya 15 (asidi amino ya 15 kwenye mnyororo wake), CHK2, kimeng'enya kingine cha aina hiyo, nayo ya 20, MDM2 inakosa pa kushika vizuri, lakini kwenye programu yangu ATM ni swichi tu ya kuwasha na kuzima, haitoshi kabisa. Toleo lijalo naingiza Wip1, nayo inawashwa na p53 na kazi yake ni kuivua ATM fosfati. p300, protini inayoisaidia p53 kuwasha jeni, itasubiri kwanza.