Nilivyojifunza kusoma Kimiranda

Kireno nilikipatia Pemba, kaskazini mwa Msumbiji, nilipokuwa huko kikazi. Kwa hiyo nilipokutana na Kimiranda, lugha ndogo ya Ureno, nilikisoma kama Kireno kilichokosewa, na sikuambulia kitu. Kosa hilo nilishalifanya kabla: palepale Pemba nilimsahihisha mama mwenye nyumba wangu, nikidhani Kimwani chake ni Kiswahili kibovu. Akaniambia, "Mwanangu, sijakosea. Hii ndiyo lugha yetu." Nilipomkumbuka, nikaanza upya.

Kimiranda ni cha Miranda do Douro na vijiji vyake, kaskazini-mashariki mwa Ureno, mpakani na Hispania. Hakikuzaliwa na Kireno. Ndugu zake wa tumbo moja ni Kiasturia na Kileoni, ng'ambo ya mpaka. Kireno ni binamu, na babu yao wote ni Kilatini.

Nilichora safu nne daftarini: Kilatini, Kireno, Kihispania, Kimiranda. Neno "mwezi" ndilo lililonifungulia mlango. Kilatini *luna*, Kireno kimeimeza n, ikabaki *lua*, Kihispania *luna*, Kimiranda *lhuna*. Hiyo *lh* ya mwanzo, inayotamkwa karibu na "ly", ndiyo alama yake, hata neno lao la "lugha" ni *lhéngua* (isipokuwa katika mji mdogo wa Sendim, ambako husema *l* tupu). Ardhi ni *tierra*, sawa na Kihispania, nikadhani nimeshajua njia. Kumbe mwana ni *filho* kama kwa Wareno, si *hijo* ya Kihispania! Kilichonisumbua zaidi ni kidogo mno: *l* inayosimama peke yake mbele ya nomino za kiume, mahali ambapo Kireno huweka *o*.

Inauma kujua kwamba wenyewe walifunzwa kuionea haya lugha yao. Kireno ndicho kilikuwa lugha ya heshima. Kimiranda kikabaki cha shambani na jikoni. Mabwawa ya umeme ya mto Douro yakaleta wageni wengi, na wazazi wakaanza kulea watoto kwa Kireno. Hata hivyo kinafundishwa shuleni tangu 1986, na sheria ikakitambua mwaka 1999.

Marehemu Amadeu Ferreira, mwandishi wa Kimiranda, alikitafsiria utenzi mkuu wa Camões, mshairi wa Ureno, uitwao *Os Lusíadas*. Nilikwenda moja kwa moja kwenye beti ambazo Mfalme wa Malindi anampokea Vasco da Gama. Nilizisoma kwa sauti, polepole, daftari likiwa limefungwa.