Siku Moja Maishani Mwangu: Mtihani wa Kusikiliza na Kusoma Kiingereza, Nanjing

Saa 12:30 asubuhi

Saa zote nilizoandika hapa ni za Kiswahili. Saa 9:00 alasiri ndiyo 15:00 ya ratiba ya Kichina.

Ni mwisho wa Aprili, na miti mikubwa ya kivuli iliyopangana barabarani Nanjing inapukutisha nyuzinyuzi laini zinazoingia puani na machoni. Mji mzima unakohoa. Leo wanafunzi wa mwaka wa tatu, wa mwisho kabisa sekondari ya juu, wana moko ya Kiingereza. Jambo la kwanza ninaloandika kwenye karatasi ya ukaguzi ni madirisha: ya upande wa barabara yafungwe ifikapo saa 8:30 mchana. Mazungumzo mafupi ya sehemu ya kwanza husikika mara moja tu. Kikohozi cha sekunde moja kikiangukia neno lenye jibu, mtoto amepoteza alama 1.5 zisizohusiana kabisa na Kiingereza chake.

Kazi yetu sote idara ya Kiingereza siku kama hii ni hiyo: kuhakikisha alama inapima Kiingereza, na chochote kisicho Kiingereza kibaki nje ya mlango.

Moko inafuata muundo wa Gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu, ambao mwaka 2024 ulikuwa na watahiniwa milioni 13.42 waliojiandikisha. Kiingereza hufanywa tarehe 8 Juni, saa 9:00 alasiri hadi saa 11:00 jioni, alama 150. Kusikiliza kuna maswali 20 yenye alama 30. Kusoma kuna maswali 20 yenye alama 50: matini nne zenye maswali 15, kisha matini moja iliyonyofolewa sentensi tano, ambapo mwanafunzi huchagua za kurudisha kutoka sentensi saba. Alama 30 ni za kujaza mapengo na sarufi, na 40 ni za uandishi. Si China nzima inafanya hivi. Beijing, kusikiliza na kuzungumza hufanywa kwenye kompyuta kwa alama 50, na mtoto hupewa nafasi mbili. Jimbo la Guangdong nao wana alama 20 za kompyuta. Huku kwetu, jimbo la Jiangsu, bado ni spika ya ukutani na watoto thelathini waliotega masikio.

Saa 1:30 asubuhi

Faili la sauti. Nalisikiliza lote, mwanzo hadi mwisho, na saa ya kuhesabia sekunde mkononi. Sirukii. Baada ya kila mazungumzo mafupi lazima kuwe na ukimya wa sekunde 10, za kujibu na za kusoma swali linalofuata. Kwenye mazungumzo marefu, kila swali lina sekunde 5 za kulisoma kabla na sekunde 5 za kulijibu baada, na sauti huchezwa mara mbili. Sehemu nzima inakaribia dakika 20.

Kosa la kwanza ninalolitafuta ni ukimya uliokatwa. Programu za kuhariri sauti zina kitufe cha kufupisha ukimya, na aliyekibonyeza ili faili liwe dogo hajui kwamba amewaibia watoto muda wa kufikiri. Faili likiwa fupi kuliko hesabu ya kwenye hati, shida mara nyingi ni hiyo. Kosa la pili ni baya zaidi. Wakati mwingine sauti ya mwanamume imerekodiwa upande wa kushoto na ya mwanamke upande wa kulia. Ukisikiliza kwa hedifoni unawasikia wote wawili. Ukicheza kwenye darasa ambalo spika yake imeunganishwa upande mmoja tu, watoto husikia mwanamke akiuliza na hakuna anayemjibu. Dawa yake ni kuunganisha pande zote mbili ziwe sauti moja kabla ya kuhifadhi faili.

Nakala huwa tatu: kwenye kompyuta ya chumba cha matangazo, kwenye flashi, na kwenye redio ndogo za betri, moja kwa kila ghorofa. Betri mpya, si zile za mwezi uliopita.

Saa 3:00 asubuhi

Wakati madarasa yako tupu tunacheza kipande cha majaribio cha dakika moja. Mmoja anasimama mstari wa mbele chini ya spika, mwingine kona ya nyuma dirishani. Ukumbuke kwamba darasa tupu linadanganya: kuta zinarudisha mwangwi na sauti inaonekana kubwa. Watoto 30 wakiingia na nguo zao, sauti inamezwa. Kwa hiyo tunaongeza kidogo kupita kile ambacho masikio yetu yanakitaka asubuhi. Tunazima feni moja moja ili kujua ipi inanguruma, na madawati ya ziada yanatolewa nje.

Halafu kengele. Kengele ya shule hujilia yenyewe kwa ratiba ya vipindi vya dakika 40, na ratiba hiyo haijui kwamba leo kuna mtihani. Isipozimwa, italia katikati ya mazungumzo ya saba au ya nane, kwa sauti kubwa, kupitia spika zile zile. Ninaizima mwenyewe na kubandika karatasi nyekundu juu ya swichi, mtu asiiwashe kwa nia njema.

Saa 6:00 mchana

Karatasi zinahesabiwa, zinafungwa kwa vyumba. Watoto wanakula, wanalala kidogo vichwa vikiwa juu ya madawati. Usingizi huo wa mchana unalindwa sana hapa, na ni vyema.

Saa 8:30 mchana

Wanaingia. Kila mmoja ana kalamu nyeusi ya nusu milimita kwa kuandika na penseli ya 2B kwa kuweka kivuli kwenye kisanduku cha jibu. Penseli ngumu zaidi huacha kivuli cha kijivu ambacho mashine haikioni, na zipo penseli za bei rahisi zilizoandikwa 2B zisizo 2B. Tunaweka za akiba meza ya mbele.

Saa 8:45 mlango unafungwa. Kwenye Gaokao somo lingine lolote mtoto aliyechelewa anaweza kuingia hadi dakika 15 baada ya mtihani kuanza. Kwa lugha ya kigeni mlango hufungwa dakika 15 *kabla*, kwa sababu ya kusikiliza: kiti kikiburuzwa wakati sauti inacheza, kimewaburuza 29 wengine. Tunawazoesha sheria hiyo kwenye moko ili Juni isimkute mtu getini akilia.

Saa 9:00 alasiri

Sauti inaanza. Wasimamizi hawatembei.

Nieleze swali moja kwa ukaribu, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Mwanamke anauliza bei ya shati. Mwuzaji anasema dola 15 kila moja, ukichukua mawili anapunguza dola 5 kwenye jumla. Mwanamke anasema atachukua mawili. Atalipa kiasi gani? A, 15. B, 25. C, 30. Aliyechagua A alisikia tarakimu ya kwanza akaishia hapo. Aliyechagua C alisikia bei na idadi, punguzo likampita. Kila jibu lisilo sahihi, yaani kipotoshi, linaonyesha mahali sikio lilipodondoka, na mwalimu ana cha kufundisha kesho. Ningeweka 40 badala ya 30, kipotoshi hicho kisingeniambia kitu, maana hakuna njia ya kusikia vibaya inayofika kwenye 40.

Masikio ya watoto wa Kichina hudondoka mahali panapojulikana, na msomaji wa Kiswahili atapatambua. Silabi ya Kichina cha Mandarin humalizikia irabu, au n, au ng, na r kwa nadra. Konsonanti nyingine mwishoni hakuna. Sisi tunatia irabu, *bank* ikawa benki. Wao huiacha ile t au d ya mwishoni ipotee. Ndiyo maana "can" na "can't" zinawachanganya hata wanafunzi wazuri, kwani mzungumzaji wa kawaida haitamki t hiyo waziwazi. Kisha kuna *tā*, neno linalosikika sawa kwa yeye mwanamume na yeye mwanamke, kama vile "amekuja" yetu isivyosema ni nani. Mazungumzo yakimhusu kaka na dada, "he" na "she" zinapishana na mtoto anampa dada kazi ya kaka. Swali la kukanusha nalo: "Hukupenda?" Mchina hujibu kama sisi, ndiyo, sikupenda. Mwingereza husema "No". Anayetegemea neno hilo moja hupotea.

Tarakimu kubwa ni kisa kingine. Wachina huhesabu kwa *wàn*, yaani elfu kumi kumi. Elfu kumi na tano kwao ni wan moja na elfu tano, kwa hiyo kila "thousand" kubwa lazima ivunjwe na kujengwa upya kichwani ndani ya zile sekunde 10. Hatuziondoi tarakimu za namna hiyo, lakini hatuweki mbili mfululizo.

Sauti ikiisha, kuna dakika 2 za kuhamisha majibu kutoka kijitabu kwenda karatasi ya majibu. Maswali 20 kwa sekunde 120 ni sekunde 6 kila moja, zinatosha. Wanaoumia ni wanaoweka kivuli sauti ikiendelea: wakati penseli inasugua swali la 6, swali la 7 linapita. Au wameacha swali moja wazi, na kivuli cha kila jibu linalofuata kinapanda safu moja juu.

Saa 9:25 alasiri

Sasa ni kusoma, na chumba kinabadilika; unasikia karatasi tu. Matini ya kwanza ni tangazo au ratiba, maswali matatu. Ya pili huwa simulizi ya mtu. Ya tatu na ya nne ni maelezo, mara nyingi sayansi au jamii, na kila moja kati ya hizo tatu ina maswali manne. Dakika 35 kwa kusoma kote ni mgao mzuri. Maneno yanayotarajiwa ni takriban 3,000, na neno la nje ya orodha linapewa maana yake ya Kichina pembeni.

Kosa kubwa la mtunzi wa maswali ya ufahamu ni kurudisha neno la matini kwenye jibu sahihi. Mwanafunzi asiyeelewa chochote hulitafuta kwa macho, analikuta, anaweka kivuli. Sisi tunageuza: maneno ya matini yanakaa kwenye vipotoshi, na jibu sahihi linasema jambo lile lile kwa maneno mengine. Urefu wa majibu manne usipishane sana, kwa maana mtunzi aliyechoka hulirefusha jibu sahihi bila kujua, na watoto wameshajifunza kumsoma mtunzi.

Saa 11:00 jioni

Kalamu chini. Karatasi za majibu zinahesabiwa kabla mtu hajanyanyuka, 30 zikiwa 30. Kila msimamizi anatoa kijidaftari cha kelele: dakika gani, kelele gani. Skana inazipitisha, na zenye vivuli hafifu au viwili kwenye swali moja hutolewa pembeni zitazamwe kwa macho. Uandishi unaenda kwa walimu wawili wasioonyeshana alama. Naiwasha kengele.

Saa 1:00 usiku

Hesabu za maswali. Kwanza tunalinganisha vyumba. Swali la 8 likiwa limejibiwa vizuri kila mahali isipokuwa chumba kimoja, ninafungua kijidaftari cha chumba hicho kabla sijamlaumu mtoto. Likikutana na mlango uliobamizwa dakika ile ile, swali hilo halihesabiwi kwa chumba hicho.

Halafu ugumu wa swali na uwezo wake wa kutofautisha wanafunzi wa juu na wa chini. Chukua watahiniwa 100, uwapange kwa alama za jumla, utenge 27 wa juu na 27 wa chini. Asilimia hiyo 27 imetumika tangu Kelley aipendekeze mwaka 1939. Wa juu 22 wamelipata swali, wa chini 9. Toa: 13. Gawa kwa 27: 0.48. Swali zuri. Likishuka chini ya 0.2 tunalisoma upya neno kwa neno, na likiwa hasi, yaani wa chini wamewashinda wa juu, karibu kila mara majibu sahihi ni mawili au tumekosea ufunguo wa majibu. Tusisahau bahati pia: kusikiliza kuna majibu matatu kwa kila swali, hivyo anayebahatisha yote 20 hupata kama alama 10 kati ya 30. Alama 12 za kusikiliza si mafanikio, hata madogo. Huenda aliyezipata hakusikia karibu chochote. Mtoto huyo anahitaji kuketi na mwalimu kesho, si kupongezwa.

Saa 2:40 usiku

Watoto wako kwenye masomo ya usiku. Mezani pangu kuna matini inayopendekezwa kwa moko ijayo: ngoma ya nyuki, ambayo nyuki mmoja huwaonyesha wenzake maua yako upande gani na umbali gani. Imeandikwa vizuri. Tunafanya jaribio letu la kawaida: wenzetu watatu wa masomo mengine wanapewa maswali manne bila matini. Kwa kubahatisha wangepata swali moja kila mmoja. Mwalimu wa baiolojia anapata yote manne, na hata kalamu hakuiweka chini kufikiri.

Wanafunzi hapa huchagua fizikia au historia, kisha masomo mawili kati ya kemia, baiolojia, siasa na jiografia. Ngoma ya nyuki inafundishwa kwenye baiolojia. Aliyechukua baiolojia angejibu kwa kumbukumbu; mwenzake wa historia, siasa na jiografia angelazimika kusoma kila mstari, na wote wangepewa alama ile ile tukiiita Kiingereza.

Naitoa. Nafasi yake inahitaji matini ya maneno kama 300, ya jambo ambalo hakuna somo lolote shuleni linalolifundisha. Nina ya mafundi wanaotengeneza miavuli ya karatasi, ina maneno 410. Naanza kupunguza aya ya pili.