Fikra isiyo na taswira: ugomvi wa Würzburg, Leipzig na Cornell

Mwaka 1901, katika Chuo Kikuu cha Würzburg nchini Ujerumani, Karl Marbe alifanya jaribio ambalo kwa macho ya leo linaonekana dogo mno. Aliwapa wasomi waliozoea kazi za maabara vitu viwili, akawataka wavinyanyue kimoja baada ya kingine, waseme kipi ni kizito zaidi, kisha waeleze papo hapo yaliyopita akilini mwao walipokuwa wakiamua. Kuhusu uzito walijibu vizuri. Kizaazaa kilitokana na maelezo ya yale yaliyopita akilini, kwa sababu watu hao walitaja hisi za mkono, taswira (yaani picha za akilini) za hapa na pale, pengine na kusitasita kidogo, lakini hukumu yenyewe, yaani lile tendo la kuamua kwamba hiki kinakizidi kile, hawakuiona popote. Jibu lilijileta tu, na lilikuwa sahihi.

Matokeo hayo yasingemshughulisha mtu kama saikolojia isingekuwa bado inatafuta kibali cha kuitwa sayansi. Mwanafalsafa Immanuel Kant alikwisha kuandika mwaka 1786 kwamba elimu ya nafsi haiwezi kuwa sayansi ya maumbile kwa maana kamili, kwa kuwa hesabu haina pa kushika katika mambo ya ndani, na kwa kuwa kule kujiangalia kwenyewe hubadili kinachoangaliwa. Auguste Comte naye, huko Ufaransa, alishikilia kwamba mtu hawezi kujigawa mara mbili, nusu ifikiri na nusu iitazame ile inayofikiri. Wilhelm Wundt, ambaye alisomea udaktari na kuwa msaidizi wa Hermann von Helmholtz huko Heidelberg kabla ya kupewa kiti cha falsafa mjini Leipzig mwaka 1875, aliyajua mapingamizi hayo vizuri, na nadhani maabara aliyoianzisha mwaka 1879 inaeleweka vyema zaidi ikisomwa kama jibu lake. Hakuwaambia watu wakae kitako wajisimulie. Aliwapa kichocheo kilichopangwa, kama mapigo ya metronomi, akapima muda wao wa kuitikia kwa kronoskopu iliyosoma hadi sehemu ya elfu ya sekunde, na alichotaka kutoka kwao kilikuwa taarifa fupi: mlio umesikika, mlio umetambuliwa, mapigo haya yanakaza au yanalegeza. Mambo ya juu zaidi, yaani kufikiri, lugha, hekaya na desturi, aliyatoa nje ya maabara, akasema yachunguzwe kupitia yale ambayo jamii za watu zimeyajenga kwa vizazi. Kazi hiyo ilimchukua majuzuu 10, kuanzia mwaka 1900 hadi mwaka 1920, ambao ndio aliofariki.

Majuzuu hayo hayatajwi sana katika vitabu vya kiada tunavyosomeshwa, na sababu yake inajulikana. Wasomaji wa Kiingereza walimpokea Wundt kwa kiasi kikubwa kupitia mikono ya mwanafunzi wake Edward Titchener, kisha kupitia historia iliyoandikwa mwaka 1929 na Edwin Boring, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Titchener. Mikononi mwao Wundt alitoka amefanana mno na Titchener.

Mpaka huo wa Wundt kati ya mambo ya maabara na mambo ya nje ya maabara ndio ambao Oswald Külpe hakuukubali. Külpe aliwahi kuwa msaidizi wa Wundt, akahamia Würzburg mwaka 1894, na vijana waliomzunguka huko wakaona hakuna sababu ya kuiacha fikra nje ya mlango. Henry Watt, Mskoti, alimwonyesha mtu neno na kumpa kazi maalumu, kwa mfano ataje kundi ambalo kitu hicho kinaingia au sehemu mojawapo ya kitu hicho. Kwa kuwa hakuna awezaye kueleza kwa uaminifu kila kilichopita katika tukio zima, Watt aligawa tukio katika vipindi vinne, yaani kujiandaa, kuonekana kwa neno, kutafuta jibu na kupatikana kwa jibu, akawa anaulizia kipindi kimoja tu kila mara. Mtu angetazamia kwamba kufikiri kutakutwa katika kipindi cha tatu. Huko hakukuwa na mengi. Uzito ulikuwa katika kipindi cha kwanza, pale mtu alipoipokea kazi: kazi ikishapokelewa, jibu lilijitokeza bila mtu kuhisi kwamba anafanya chochote. Ugunduzi huu, kwa maoni yangu, ni mkubwa kuliko ule uliozua ugomvi, yaani wa fikra isiyo na taswira, kwani ulionyesha kwamba yanayoongoza fikra si lazima yaonekane na anayefikiri. Karl Bühler alikwenda mbali zaidi mwaka 1907. Alimsomea mtu, mara nyingi Külpe mwenyewe, msemo wenye fumbo au swali zito, akangoja jibu la ndiyo au hapana, kisha akaomba maelezo ya safari nzima ya akili, na katika maelezo hayo akakuta fikra zisizokuwa na neno, picha wala hisi yoyote ndani yake.

Wundt alikasirika. Katika makala yake ya mwaka 1907 alikataa hata kuyaita hayo majaribio ya kweli. Alidai kwamba uangalizi wa kisayansi una masharti: mwangalizi ajue kwa uhakika tukio linaanza lini, awe ameelekeza makini yake kwalo, tukio liweze kurudiwa, na hali zake ziweze kubadilishwa moja baada ya nyingine. Mtu aliyetupiwa fumbo asilolitazamia hatimizi hata sharti moja. Hajui kitakachokuja, akili yake imezama katika kutafuta jibu badala ya kujiangalia, na fumbo likishafumbuliwa haliwezi tena kuwa fumbo kwa mtu yuleyule. Hoja hiyo ni nzito, na sioni kwamba Bühler, aliyejibu mwaka uliofuata, aliiondoa.

Pingamizi la Titchener lilikuwa la aina nyingine kabisa. Yeye alikuwa Mwingereza aliyepata udaktari wake Leipzig mwaka 1892 na mwaka huohuo akaenda Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, ambako aliamini kwamba kila kilichomo katika fahamu kinaweza kuvunjwavunjwa hadi kufikia hisi, taswira na mihemko. Kitabu chake cha mwaka 1896 kilihesabu zaidi ya aina 44,000 za hisi. Yeye mwenyewe aliishi katika dunia ya taswira kwa namna ambayo wengi wetu tutashangaa: aliandika mwaka 1909 kwamba akilitazama wazo la "maana" ndani ya akili yake, huona ncha ya kitu kama sepetu, ya buluu inayoelekea kijivu, yenye kipande cha manjano juu yake ambacho huenda ni mpini, ikichimba katika bonge jeusi la kitu laini. Kwa mtu wa namna hiyo fikra tupu ilikuwa haiwezekani. Aliwafunza waangalizi wake kuepuka kosa moja juu ya yote, nalo ni kutaja kitu badala ya kueleza hisi zinazokiwakilisha. Ukiwekewa meza mbele yako usiseme umeona meza, bali ueleze rangi, mwanga na umbo kama yanavyokujia. Kwa kipimo hicho watu wa Würzburg walikuwa wamekosea tangu mwanzo, kwa sababu waliposema "nilijua kwamba jibu ni hili" walikuwa wanataja maana, na kazi ya kueleza walikuwa hawajaianza.

Hapa ndipo falsafa inapoingia, na ndipo simulizi la kawaida, kwamba njia ya kujichunguza nafsi, yaani mtu kueleza yaliyopita akilini mwake, ilianguka kwa sababu ya uzembe, linaponishinda kulikubali. Watu hawa hawakuwa wazembe hata kidogo. Tatizo ni kwamba kanuni ya Titchener ya kuangalia vizuri ilikuwa tayari imebeba nadharia yake tumboni. Mwangalizi akileta taarifa ya fikra isiyo na taswira, ataambiwa amefanya kosa la kutaja maana, na akifunzwa vya kutosha kuliepuka kosa hilo, hataleta tena taarifa za aina hiyo. Ushahidi wa kumpinga Titchener usingeweza kupita katika mlango wake hata kama ungekuwepo. Upande wa pili nao ulikuwa na udhaifu wake: Würzburg walikieleza kitu chao kwa kusema hakina nini, na kutokuta taswira si sawa na kuthibitisha kwamba haikuwepo, kwani inaweza kuwa ilikuwa hafifu, au ilisahauliwa kabla ya taarifa kutolewa.

Wanafalaki walikuwa wamekutana na tatizo linalofanana na hili mapema zaidi. Mwaka 1796 mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich, Uingereza, Nevil Maskelyne, alimfukuza kazi msaidizi wake Kinnebrook kwa sababu muda aliouandika wa nyota kupita ulitofautiana na wa mkubwa wake kwa takriban sehemu nane za kumi za sekunde. Baadaye Friedrich Bessel alionyesha kwamba wanafalaki hodari pia hutofautiana hivyo. Lakini wanafalaki walikuwa na nyota ambayo haikuwa mali ya jicho la yeyote kati yao, na hatimaye walipata mitambo ya kurekodi muda. Kati ya Külpe na Titchener hapakuwa na nyota.

Mwanasaikolojia wa Marekani John Watson aliitumia hali hiyo vizuri mwaka 1913 alipotangaza kwamba saikolojia iachane na fahamu, ichunguze tabia peke yake. Alilalamika kwamba mtu akishindwa kupata matokeo ya mwenzake, halaumiwi mtambo wala jaribio, analaumiwa yeye kwamba hakufunzwa kujichunguza. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Yaliyofuata nayapita haraka: Külpe alifariki mwaka 1915, Titchener mwaka 1927, na Marekani ilitaka saikolojia yenye matumizi shuleni, viwandani na jeshini, ambako wanajeshi wapatao milioni 1.7 walipimwa akili wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata bila mzozo wa Würzburg, nadhani Watson angepata wasikilizaji.

Swali lenyewe halikufa. Francis Galton alikwisha kugundua mwaka 1880, kwa kuwauliza watu waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa, kwamba wako wanaoiona kana kwamba iko mbele yao na wako wasioona kitu, wakiwemo wanasayansi. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake waliipa hali ya kukosa taswira jina la afantasia, na tangu hapo ni rahisi kudai kwamba Cornell na Würzburg wote walisema kweli, kila mmoja kuhusu akili yake. Nasita kulikubali suluhisho hilo. Titchener alijua kwamba watu wanatofautiana kwa taswira, na jibu lake lilikuwa kwamba asiyeona picha ana maneno ya kimoyomoyo au hisi za misuli badala yake. Mwanasaikolojia Russell Hurlburt wa Las Vegas, ambaye kwa miongo kadhaa amewapa watu kifaa kinacholia bila kutarajiwa ili wanukuu kilichokuwemo akilini dakika ileile, anasema hukutana mara kwa mara na fikra zisizo na neno wala picha. Mwanafalsafa Eric Schwitzgebel alishirikiana naye katika kitabu cha mwaka 2007 kuhusu taarifa za mtu mmoja zilizokusanywa kwa njia hiyo, na bado hakuridhika kwamba taarifa hizo ni za kuaminika.

Kilichoongezeka ni vipimo vya nje. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2022 kwamba mboni za macho ya watu wengi husinyaa wanapowazia kitu king'aavu, ilhali mboni za wenye afantasia hazionyeshi badiliko hilo. Kwa taswira, basi, kuna kitu cha kushika ambacho hakitegemei neno la mwangalizi. Kwa fikra tupu aliyoidai Bühler sijaona kipimo cha namna hiyo, na siwezi hata kukisia ni kiungo gani cha mwili kingetazamwa.