Kizuri Hakijiuzi

Alhamisi moja jioni, kabla mazoezi ya kwaya hayajaanza, niligawa nakala za wimbo wa Zaburi ya 24, ule wa "Inueni vichwa vyenu, enyi malango", na mwimbaji mmoja wa besi akauliza kama huo ndio ule wa Handel. Swali lake halikuwa la kipuuzi, kwa sababu maneno hayo yamo katika Messiah, kazi kubwa ya kwaya ya mtunzi huyo, na hapa Nairobi ni nadra kumpata mwanakwaya aliyeimba Krismasi mbili au tatu ambaye hayajui. Hata hivyo, muziki uliokuwa mbele yetu haukufanana na ule tuliouzoea. Nilitazama kona ya juu ya ukurasa, mahali linapoandikwa jina la mtunzi, nikaona sehemu za chini za herufi kadhaa, zilizobaki kama visiki. Nakala ile ilikuwa imetolewa kwenye nakala nyingine, nayo kwenye nyingine, na katika kupita huko kote kwenye vibanda vya fotokopi, ukingo wa karatasi ulikuwa umeondoka na jina.

Mwalimu wetu wa kwaya hakusumbuka. Alitoa methali anayoipenda, kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, akaongeza kwamba kama mtunzi huyo angekuwa mkubwa tungemjua. Namheshimu Mwalimu, na sikumjibu mbele ya watu. Lakini mimi ndiye mtunza nota wa kwaya kwa mwaka wa sita sasa, na jambo lile lilinikaa rohoni mpaka nikatumia jioni kadhaa kumtafuta mwenye wimbo.

Ni Samuel Coleridge-Taylor. Alizaliwa London mwaka 1875. Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa mwana wa Sierra Leone aliyekwenda Uingereza kusomea udaktari na kurudi Afrika Magharibi kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake, Alice Martin, Mwingereza, alimlea Croydon, kusini mwa London, na akampa jina kwa heshima ya mshairi Samuel Taylor Coleridge. Babu yake ndiye aliyemshikisha fidla kwa mara ya kwanza. Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia chuo cha muziki cha Royal College of Music, akaanza na fidla kisha akahamia utunzi chini ya mwalimu Charles Villiers Stanford. Zaburi tuliyokuwa nayo mikononi ilichapishwa akiwa bado mwanafunzi. Waimbaji wetu wa sauti ya tatu, ambao hulalamikia kila kitu, wangelalamika kidogo zaidi kama wangejua kwamba anayewapandisha huko juu alikuwa kijana wa umri wa watoto wao.

Kazi iliyomtoa ni ya mwaka 1898, Hiawatha's Wedding Feast, aliyoitunga kwa kwaya na okestra juu ya shairi la Longfellow, mshairi wa Marekani. Usiku wa onyesho la kwanza, mwezi wa Novemba, Arthur Sullivan, aliyekuwa mtunzi mashuhuri kuliko wengi nchini humo, alijikokota kwenda kusikiliza ingawa alikuwa mgonjwa. Baada ya hapo kila mji wa Uingereza uliokuwa na kwaya uliitaka kazi hiyo, na nakala zake zikauzwa kwa maelfu juu ya maelfu. Mtunzi hakupata hata senti moja kutokana na mauzo hayo. Alikuwa ameshawauzia wachapishaji haki zake zote kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15, na malipo hayo yalikuwa ya mara moja tu. Hakukuwa na mirabaha, yaani fungu la mtunzi kwa kila nakala inayouzwa. Kwa hiyo mtu ambaye muziki wake uliimbwa pande zote za nchi aliendelea kufundisha, kuongoza kwaya za watu wengine na kuwa mwamuzi wa mashindano ya muziki ili watoto wake wawili wale.

Hapo ndipo methali ya Mwalimu inaponikwama kooni. Kizuri kilijiuza kweli, tena kwa wingi, lakini aliyekuwa kwenye sanduku la fedha hakuwa mwenye bidhaa.

Mwaka 1900 Coleridge-Taylor alihudhuria mkutano wa kwanza wa Umoja wa Waafrika uliofanyika London. Huko Washington, waimbaji Weusi walikuwa wameunda chama cha kwaya chenye jina lake, na mwaka 1904 alivuka bahari kwenda kuwaongoza, akapokewa pia na Rais Theodore Roosevelt. Mwaka uliofuata alichapisha vipande 24 vya piano vilivyojengwa juu ya nyimbo za Waafrika na za Wamarekani Weusi, baadhi zikiwa zimetoka kusini na magharibi mwa bara letu, na dibaji ikaandikwa na Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi wa Wamarekani Weusi. Nilipovisikiliza vipande hivyo kwa mara ya kwanza nilikuwa ndani ya matatu iliyokwama Ngong Road, na nakiri kwamba kwa mara moja maishani nilitamani foleni isiishe.

Alifariki tarehe 1 Septemba 1912 kwa ugonjwa wa nimonia, akiwa na umri wa miaka 37. Mjane wake, Jessie, alipewa na Mfalme George wa Tano pensheni ya pauni 100 kwa mwaka, na kisa cha familia hiyo kilikuwa miongoni mwa visa vilivyotajwa wakati watunzi wa Uingereza walipokuwa wakidai malipo kila kazi zao zinapoimbwa. Chama chao cha kukusanya malipo hayo kilianzishwa mwaka 1914. Kati ya mwaka 1924 na 1939 Hiawatha iliigizwa karibu kila mwaka katika ukumbi wa Royal Albert Hall, ikiwa na mamia ya waimbaji waliovalia mavazi ya kuigiza. Kisha vita vikaja, mtindo ukabadilika, na jina likaanza kufifia pole pole hadi kufikia kona ya karatasi yangu.

Sitajifanya kwamba mambo haya nayasoma kwa utulivu wa mtu wa mbali. Mjomba wangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliwahi kutunga wimbo kwa ajili ya kwaya ya shule iliyokuwa ikienda kwenye mashindano, na walipomwomba nakala akawapa bila kuandikiana chochote. Wimbo huo nimeusikia katika harusi tatu hapa Nairobi. Katika mojawapo, kijitabu cha ibada kiliandika kwamba mtunzi wake hajulikani, ilhali mtunzi mwenyewe alikuwa ameketi safu ya nne akila njugu.

Basi nilipokwisha kumpata mmoja, nilianza kuwatafuta wengine. Aliyenikaa akilini zaidi baada ya Coleridge-Taylor ni Louise Farrenc, aliyezaliwa Paris mwaka 1804 katika ukoo wa wachongaji sanamu. Mwaka 1842 aliajiriwa kuwa profesa wa piano katika Conservatoire ya Paris, chuo kikuu cha muziki cha mji huo, cheo ambacho wanawake wachache sana walikishika katika karne ile. Kwa miaka kadhaa mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa wenzake wanaume waliofanya kazi ile ile. Mwaka 1850 kipande chake cha ala tisa kilipigwa Paris, na mmoja wa wapigaji alikuwa kijana Joseph Joachim, ambaye baadaye alikuja kuwa mpiga fidla anayeheshimiwa kote Ulaya. Hadhira ilifurahi mno. Farrenc hakungoja furaha hiyo ipoe: alimwandikia mkurugenzi, Auber, akidai kulipwa sawa na wanaume, na akapewa. Huyu hakukaa kusubiri kizuri kijiuze.

Na bado alisahauliwa, kwa sababu ambayo ni ya kibiashara kuliko ya kimuziki. Katika Paris ya wakati ule jina la mtunzi lilijengwa kwa opera, na Farrenc hakupata kuandika hata moja. Alitunga simfonia tatu, ambazo zinahitaji okestra nzima ya kulipwa na hazina mwimbaji nyota wa kuvuta watu. Ya tatu ilipigwa mwaka 1849, lakini hakuna hata moja kati yao iliyochapishwa akiwa hai. Mume wake, Aristide, aliyekuwa mchapishaji, alichapisha kazi zake nyingi za piano. Binti yao, Victorine, alikuwa mpiga piano hodari ambaye angeweza kuusambaza muziki wa mama yake, lakini alifariki mwaka 1859 akiwa na umri wa miaka 32. Baada ya msiba huo Farrenc alijitosa katika kuhariri na kuchapisha muziki wa zamani wa watu wengine. Kila ninapofika sehemu hiyo ya maisha yake huwa nafunga kompyuta kwa muda.

Ikiwa Farrenc alikosa opera, Joseph Bologne, maarufu kama Chevalier de Saint-Georges, alikaribia kupewa jumba zima la opera. Alizaliwa kisiwani Guadeloupe mwaka 1745. Baba yake alikuwa Mfaransa mwenye mashamba na mama yake, Nanon, alikuwa mtumwa. Alipelekwa Ufaransa akiwa mtoto, akawa bingwa wa mchezo wa upanga kabla hajajulikana kwa fidla, na mwaka 1773 akakabidhiwa uongozi wa moja ya okestra bora za Paris. Mwaka 1776 jina lake lilipendekezwa kwa uongozi wa Opera ya Paris. Wanawake watatu mashuhuri wa jumba hilo, waimbaji wawili na mcheza dansi mmoja, walimwandikia Malkia kwamba heshima yao haiwaruhusu kupokea amri za chotara. Mpango ukafa. Opera yake ya kwanza, Ernestine, ilianguka mwaka 1777 usiku ule ule ilipooneshwa. Kati ya opera zake zote, iliyotufikia nzima ni moja tu, L'Amant anonyme ya mwaka 1780. Nimeisikiliza mara nyingi, na kwa maoni yangu nyimbo za mwanamke mkuu katika opera hiyo zinatosha kuwafanya wale watatu waone haya, kama makaburini huwa wanaona haya.

Watu wengi humwita Mozart Mweusi. Nalichukia jina hilo. Saint-Georges alimtangulia Mozart kuzaliwa kwa miaka kumi, na alikuwa na umaarufu wake Paris wakati Mozart alipokuwa akihangaika kutafuta kazi mjini humo mwaka 1778. Vivyo hivyo Juan Crisóstomo Arriaga wa Bilbao, aliyeandika opera akiwa na umri wa miaka 13 na kufariki Paris Januari 1826, siku kumi kabla hajatimiza miaka 20, huitwa Mozart wa Uhispania. Mtu ananyang'anywa jina lake, na anaporudishiwa anapewa la jirani.

Hans Rott wa Vienna nitamtaja kwa kifupi, kwa sababu kisa chake hakivumiliki. Mwaka 1880 alimwonesha Brahms, mtunzi mkubwa wa mji huo, simfonia yake, na Brahms akamwambia aachane na muziki. Muda mfupi baadaye, akiwa safarini kwenda kuchukua kazi ya kuongoza kwaya huko Mulhouse, alimtolea bastola abiria aliyetaka kuwasha sigara, akidai kwamba Brahms ameijaza treni baruti. Alifia katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 25, kwa kifua kikuu. Simfonia ile ilipigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 mjini Cincinnati. Iliwezekana kupigwa kwa sababu karatasi zilikuwa bado zipo: rafiki mmoja alizihifadhi, na hatimaye zikafika kwenye maktaba ya taifa ya Austria.

Alhamisi iliyofuata nilifika mapema, nikaketi benchi la nyuma na kalamu nyeusi, nikaandika "S. Coleridge-Taylor" juu ya kila nakala, zote 42. Mama mmoja wa sauti ya pili alinikuta nikimalizia, akachukua ya kwake.

"Huyu Taylor ni Mzungu wa wapi, mwanangu?"

"Baba yake alikuwa mtu wa Sierra Leone, Mama."

Aliitazama karatasi kwa muda, akaitoa miwani mkobani, akaitazama tena. Kisha Mwalimu akaingia, akaomba sauti ya tatu ianze peke yake kutoka ukurasa wa pili, nao wakaanza kulalamika.