Karata ya boksi

Kitinda mimba wangu, yule wa maswali, Jumapili alifungua kitabu cha nyimbo cha marehemu bibi, akachomoa kipande cha boksi kilichokatwa ukubwa wa karata.

"Baba, huyu mwenye masharubu ni nani?"

Nikamwambia ni mzungu wa nne wa shupaza. Akanitazama kama nimemtukana. Yeye karata anazijua za kwenye simu, na kwenye simu hakuna mzungu wa nne. Kuna K.

Tukaenda kanisani, tukarudi, tukala. Kile kipande kikabaki mezani kinanitazama.

Nilivunjika mguu mwezi wa sita 1998. Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa Ufaransa, na lingine tulikuwa tunalicheza sisi, nyuma ya nyumba ya kupanga Mwanjelwa, Mbeya, juu ya mawe. Nilikuwa na miaka 12. Nikafungwa plasta gumu kuanzia pajani mpaka karibu na vidole, watu wa uani wakaliita muhogo, nikawa nawekwa kwenye kigoda mlangoni kila asubuhi kama gunia linalosubiri lori. Mjomba, utingo wa magari ya Tunduma, alinihurumia akaniachia karata zake. Zilikuwa zimechakaa, zinanuka dizeli, na mzungu wa nne wa shupaza alishapotelea huko barabarani, kati ya Igawa na Makambako. Mjomba akakata boksi la majani ya chai, akamchora mwingine kwa kalamu ya wino. Masharubu yalimshinda akayarudia mara tatu, ndiyo maana yako mazito vile.

Akanifundisha wahedi wa sitini. Kwa wasioujua: unatoa nane, tisa na kumi, zinabaki karata 40. Ree ina pointi 11, saba ina 10, halafu wazungu wanafuata kwa majina yao, wa nne pointi nne, wa tatu tatu, wa pili mbili. Zote jumla ni 120, kwa hiyo mwenye 61 kashinda, na jina la mchezo ndiyo hesabu hiyo hiyo kwa Kiarabu. Mzungu wa pili ndiye mwanamke. Kwamba anazidiwa pointi na ghulamu, mzungu wa tatu, dada yangu hakuwahi kuliafiki.

Mjomba akaondoka na lori lake. Nikabaki na karata bila mtu wa kucheza naye, wenzangu wote wana miguu miwili. Nikaanza kuziuliza maswali. La kwanza lilikuwa nani atachukua Kombe, zikasema Brazil. Fainali Brazil wakafungwa 3–0. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona tatizo si karata, tatizo ni kanuni. Nikaomba daftari la hesabu la dada, nikaanza kuitengeneza upya.

Kopa ni nyumbani. Uru ni pesa, kwa sababu linang'aa. Pau lina majani matatu, basi ni shamba na chakula. Shupaza ilinisumbua. Niliigeuza na kuigeuza, nikaona ni jembe, na jembe kwa watu wa pale uani lilikuwa na maana mbili: machimbo ya dhahabu Chunya, walikoenda nusu ya wanaume tuliowajua, na kaburi. Nikaziandika zote mbili, nikapanga kwamba nitakayoichagua itategemea. Itategemea nini, sikuandika.

Mtu anakata karata, anazirudishia, anatoa tatu za juu. Ya kwanza imeshapita, ya pili iko mlangoni, ya tatu iko njiani. Na ile ya boksi ni mwenyewe aliyeuliza. Hii ndiyo niliyojivunia kuliko zote. Sikujua, nimekuja kusoma ukubwani, kwamba Mfaransa mmoja, Jean-Baptiste Alliette, aliyegeuza jina lake la ukoo likasomeka Etteilla, alishatoa kitabu cha kutabiri kwa karata mwaka 1770. Alitumia karata 32 na kuongeza moja ya thelathini na tatu kwa ajili ya mwenye swali. Sijui nijione nimeibiwa au nimeiba.

Yangu ilikuwa na jambo ambalo nadhani yake haikuwa nalo: ilikuwa nene. Karata zenye boksi ndani ukizikata zinakatikia pale pale. Kwa hiyo karibu kila aliyekuja alijikuta juu, au karibu na juu, na kila mmoja alishangaa.

Nilipatia sana. Nilimwambia dada atapata mgeni mwenye pesa, mjomba akatokea na nyama. Nilimwambia kijana wa baiskeli kuna deni mlangoni, akanyamaza, akaenda kulilipa. Siri yake haikuwa kubwa. Mtu mwenye muhogo mguuni hukaa sehemu moja tangu asubuhi mpaka usiku, na baada ya siku tatu watu wanasahau kuwa ana masikio.

Mama Mchele alikuja mwishoni mwa mwezi wa saba. Tulimwita hivyo kwa sababu aliuza mchele wa Kyela kwa vikombe pale sokoni. Umeme ulikuwa umekatika, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua. Mama yangu alikuwa jikoni. Alikuja na koroboi yake, kikombe kimejaa mchele, na kitenge amejifunika mpaka kidevuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mguu?"

"Unawasha tu."

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Akaweka kikombe chini kati yetu, taratibu, kisimwagike.

"Nasikia unaangalia."

"Ni mchezo tu, mama."

"Basi tucheze."

Hakuuliza swali kwa mdomo. Hakukuwa na haja, mume wake alikuwa ameenda Chunya tangu mvua za El Niño hazijakatika, na uani kote hakuna asiyejua. Akakata. Kwenye kucha zake kulikuwa na unga mweupe wa mchele, na karata zilizopita mikononi mwake zikabaki na alama.

Ya kwanza, sita ya kopa. Nyumbani, watu sita. Akahesabu kwa midomo bila sauti, akatikisa kichwa. Walikuwa sita pamoja naye yule.

Ya pili, mzungu wa pili wa shupaza.

Hapo niwaambie nilichokuwa nakijua. Wiki mbili kabla, mjomba alimnong'oneza mama yangu kwamba utingo mwenzake kamkuta mume wa Mama Mchele kule Makongolosi, huko huko Chunya, kapanga chumba na mama ntilie mmoja. Alinong'ona akiwa hatua nne kutoka kwenye kigoda changu. Na sasa karata, bila kuombwa na mtu, imemtoa mwanamke ameshika jembe, yuko mlangoni.

"Mwanamke," alisema Mama Mchele.

"Ndiyo, mama."

"Wa humu uani?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Aligeuza shingo polepole, nikafuata macho yake mpaka mlango wa chumba cha mwisho, ambako kulikuwa na mwanga wa mshumaa chini ya mlango na mashine ya kufumia sweta inakwenda kra-kra, kra-kra. Dada wa sweta. Alikuwa hajaolewa, anacheka kwa sauti, na kosa lake ni kwamba alizoea kumsalimia kila mtu, waume za watu wakiwemo. Mimi aliniletea andazi kila Jumamosi. Nikamwona Mama Mchele anavuta kitenge, anajiandaa kusimama.

"Ni wewe," nikasema.

"Nini?"

"Huyo mwanamke ni wewe, mama. Jembe sasa unalo wewe. Wewe ndiye unayelisha nyumba."

Sijui yalitoka wapi. Akakaa tena. Mabega yakashuka, akapumua, akasema "Ndaga," asante ya Kinyakyusa, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyepewa maji. Nami nikajiona mkubwa. Laiti ningezikusanya karata pale pale. Lakini kanuni yangu ilikuwa ni tatu, na mimi na kanuni yangu tulikuwa watu wa msimamo.

"Geuza ya mwisho," nikamwambia.

Akaigeuza mwenyewe. Ilikuwa ya boksi.

Akaisogeza karibu na koroboi. Uani kote walijua maana yake, hata watoto.

"Huyu si ndiye mwenyewe?"

"Ndiye."

Akaichukua, akaiweka ubavuni mwa yule mzungu wa pili, akazilinganisha kingo kama anavyolinganisha vikombe vyake mezani sokoni.

"Kama huyu ndiye mimi," akasema, "huyu mwingine ni nani?"

Mashine ya sweta ilikuwa imenyamaza, labda uzi ulikatika. Nilitazama mguu wangu. Nilitazama mchele. Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa na jina la mahali na kazi ya mtu, na lilikuwa limenijaa mdomoni.

"Kanuni bado naitengeneza, mama," nikasema.

Akacheka kidogo kwa puani. Halafu akaacha kucheka, akaniangalia muda mrefu kuliko mtu mzima anavyomwangalia mtoto.

"Wewe mtoto unajua kitu."

Akabeba koroboi yake, akaniacha gizani. Mchele hakuuchukua. Mama aliupika kesho yake, akidhani ni zawadi ya mgonjwa, na mimi nilikula.

Siku ya tatu Mama Mchele alipanda lori la Chunya. Ni kama kilomita 70 tu, lakini barabara wakati huo ilikuwa vumbi na makorongo. Alirudi baada ya wiki akiwa na redio ya mume wake, bila mume wake. Hakusema lolote, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Mwezi wa nane alihamia Uyole. Siku anapakia vyombo kwenye mkokoteni alinipita mlangoni, muhogo nimeshatolewa, mguu umekuwa mwembamba kama mwiko.

"Baba, kanuni umemaliza?"

"Bado, mama."

"Haya."

Karata mjomba alizichukua. Ya boksi niliibania, nikamwambia imeingia motoni. Daftari dada alilidai, hesabu zilikuwa upande wa pili.

Mwaka 2015 serikali ilipopiga marufuku ramli chonganishi nilikuwa kwenye daladala, redio imefunguliwa, abiria wote wanachangia. Mimi nilitazama dirishani. Nilikuwa nafikiria ule mlango wa mwisho wenye mwanga wa mshumaa, na kwamba dada wa sweta aliendelea kuniletea maandazi bila kujua kitu. Kisha nilifikiria kwamba hata Mama Mchele huenda alishajua kabla hajakaa juu ya ile ndoo, na alichokuwa anatafuta ni mtu wa kumwambia nenda. Au wa kumwambia usiende. Hili sijalimaliza mpaka leo.

Usiku kitinda mimba alirudi na karata yake.

"Sasa huyu mwenye masharubu maana yake nini?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Nikamwambia airudishe kitabuni. Akairudisha, lakini si ukurasa ule ule.