Vijana wetu wa mbio fupi Lamu: je, kilima kinasaidia?

Mwanzo wa kusi

Nimewagawa vijana makundi mawili. Wamoja wanapanda kilima, wengine wanakimbia tambarare. Bila hao wa tambarare sina hoja, maana mtoto wa miaka 13 au 14 anarefuka na kuongeza kasi hata ukimwacha alale tu.

Wote walitaka vilima vya mchanga vya Shela. Nimekataa. Chini ya vilima vile ndiko yaliko maji matamu ya mji, si pahali pa kukanyaga kila jioni. Halafu mchanga mkavu hula nguvu karibu mara 1.6 ya ardhi ngumu. Pumzi itafaidi, sawa, lakini mguu unazama na kukawia, na mkimbiaji wa mita 100 anatakiwa aguse ardhi aondoke.

Kwa hiyo tuko kwenye kichochoro kinachopanda kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, alfajiri kabla ya punda kuanza kazi. (Bibi mmoja dirishani: "Mwamkimbiza nani?") Mwinuko ni mdogo, nami ndivyo nitakavyo. Ukiwa mkali hatua hufupika, mbio zikawa kama kupanda ngazi. Wanapanda kwa nguvu zote sekunde chache, wanashuka wakitembea, wanapumzika hadi pumzi itulie.

Ninachotafuta ni kuchomoka. Kilimani mwili huinama mbele, goti hupanda, nyonga husukuma hadi mwisho, sawasawa na hatua za kwanza baada ya bastola kulia. Kasi ikishakolea mtu huwa wima, mguu hugusa ardhi kwa takriban sekunde 0.1 tu. Hilo sitarajii kilima kilifundishe.

Baada ya Idi kubwa

Tumepima ufukweni maji yakiwa yamekupwa, mchanga mgumu. Kila mmoja alikimbia kwenda na kurudi nikachukua wastani, kwa sababu ya upepo. Ile sekunde 9.77 ya mita 100 ya Omanyala, mkimbiaji wetu wa Kenya, pale Kasarani mwaka 2021 ilikuwa na upepo wa mgongoni wa mita 1.2 kwa sekunde, ikakubaliwa. Mwisho unaoruhusiwa ni 2.0. Kusi hii ingefuta rekodi zetu zote.

Waliopanda wamewapita wenzao kwenye mita 20 za mwanzo. Kutoka hapo hadi 60, hawaachani. Pengo lenyewe ni dogo, na saa ya kubonyeza kwa kidole siiamini sana, kwa hiyo sasa makundi yanabadilishana. Wa tambarare wameanza kulalamika kabla hata ya kukiona kichochoro.