Kiwavi wa masika kwa trei ya mayai

Masika yakikolea, viwavi huwa kila jani, na watoto hupenda kuwa na wa kwao. Chukua trei ya karatasi ya mayai 30, isiyo na kinyesi cha kuku wala ute wa yai lililopasuka. Ianike juani.

Kata mstari mmoja wa vikombe 6. Mkasi wa mtoto hauwezi karatasi nene hivyo, kwa hiyo mtu mzima akate. Geuza vikombe chini juu. Zile ncha ndefu zilizokuwa kati ya mayai sasa zinaning'inia. Zipunguze zote zilingane, ziwe miguu. Zikipishana, kiwavi hulala ubavu.

Rangi: kijiko 1 cha chai cha manjano ya unga, vijiko 3 vya maji. Isizidi maji! Karatasi hii hunywa maji upesi, ikilegea mgongo unabonyea. Paka nyembamba mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa. Manjano haitoki nguoni, vaeni nguo kuukuu.

Toboa matundu mawili kichwani kwa msumari, chomeka vipande vya chelewa vya sentimita 4, vilivyoondolewa ncha kali. Macho ni duara za karatasi zilizobandikwa kwa uji mzito wa ngano.